Hodi Isiyoitikiwa

Usiku wa Jumanne, mvua ikipiga Uru nzima,
friji ya chanjo ilibaki inanguruma.
Kilichokufa ni kisanduku kinachoilinda:
bodi ndogo, waya nne,
king'ora cha kumwamsha Sista Ndeonasia.

Asubuhi nikakipokea karakana, Kiborloni,
ghorofani, juu ya duka la pumba na chakula cha kuku,
kimefungwa kanga kama mtoto wa kliniki.
Nikakichomeka. Kikaandika mistari kumi na minne,
kikaganda.

Kosa lilikuwa langu. Nililiandika mwezi wa tatu,
saa nane usiku, kahawa imepoa:
kiendeshi kinaamka, kinapiga hodi kwenye bodi,
nipe anwani ya kihisi joto,
na kabla hakijajibiwa kimeshausukuma mlango,
kimeingia na viatu,
kimenyoosha mkono kwenye meza isiyokuwepo.

Maana bodi za shehena mpya hazina kihisi.
Muuzaji alibana senti, akanyamaza.
Jibu lilikuja tupu. Na tupu, kwa mashine,
nayo ni anwani: nyumba namba sifuri,
hakai mtu, na anayeikanyaga
huangusha mtaa mzima.

Mimi, niliyefundishwa hodi kabla ya a, e, i!
Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kisha geuka.

Nimeandika upya.
Uliza. Kitazame ulichopewa kabla hujakishika.
Kama hakuna, sema hakuna, kwenye daftari la mfumo,
ukitaja jina la kilichokosekana
ili atakayekuja na tochi ajue pa kumulika.
Rudisha ulivyoazima, cha mwisho kwanza:
ukatizo, halafu saa, halafu kumbukumbu,
kama mtu avuavyo koti ndipo avue shati.
Toka. King'ora kiache hai,
swichi ya mlango iache na zamu yake.

Na usiandike sifuri ukimaanisha sijui.
Sifuri ni baridi. Sista ataamini chanjo zimeganda,
atazimwaga,
na akina mama wameshatoka Mruwia kwa miguu.

Kundaeli akasoma nyuma ya bega langu, anatafuna karanga.
"Na kama kihisi kipo, ila hakijaamka?
Zipo bodi umeme wake unapitia kiendeshi kingine,
kile kivivu."
Nikaongeza jibu la tatu. Lugha yangu inalo tayari,
neno moja, halidai kusindikizwa:
bado.
Hakuna hufunga daftari.
Bado huondoka mikono mitupu, bila kinyongo,
hukaa pembeni, hurudi ikiitwa.

Desemba tulikuwa nyumbani, Kibosho, mezani.
Mama akapanga sahani sita. Sisi ni watano
tangu Anaeli aliposhuka shimoni Mererani
na kamba ikapanda peke yake.
"Hayupo," alisema baba, akiisogeza ile sahani.
"Bado," alisema mama, akairudisha.
Mimi ninayelipwa kutofautisha maneno hayo mawili
nilikaa kati yao
nikachambua mifupa ya samaki, polepole,
hata pale pasipokuwa na mfupa.

Alhamisi kisanduku kimepanda tena Uru
kwenye kapu la pikipiki ya Elirehema.
Kimewaka. Nimekiona kutoka huku, mstari mmoja:
kihisi joto hakuna, naendelea.

Saa tisa usiku simu ikatetemeka chini ya mto.
Ni Sista. "Kimelia. Ni mlango tu, niliusahau wazi.
Nimeufunga. Joto nimelipima kwa kipimajoto cha mkono,
nyuzi tano.
Hicho cha kwenu mtaleta lini?"

Nikaandika, nikafuta, nikaandika:
Bado, Sista.